Soya itoayo sana au soya isiyoyumba: uchague ipi kwa shamba lako?

Ukiulizia mbegu ya soya kwenye agroveti yoyote ya Nairobi, jibu la kwanza utakalopewa ni la magunia: hii hutoa mangapi kwa ekari, ile hutoa mangapi. Hiyo ni nusu ya habari. Magunia yaliyoandikwa kwenye kipeperushi ni wastani, na mara nyingine ni kilele, cha mashamba yasiyo yako katika misimu iliyokwisha kupita. Mtu anayelima kwa simu, mshahara uko Upper Hill, shamba liko Bungoma na msimamizi wa palizi ni binamu yake, ana swali jingine la kuuliza kabla ya kutuma hela: mvua ikikatika wakati maganda yanajaa, au mbolea ikiwekwa nusu, mbegu hii itashuka hadi wapi?

Watafiti huliita jambo hilo uthabiti wa mavuno. Shida ni kwamba wana vipimo vingi vya uthabiti na vipimo hivyo havikubaliani. Mbegu moja yaweza kusifiwa kwa kipimo kimoja na kushika mkia kwa kingine, data zikiwa zilezile. Kwa hiyo tuanze na tabia za mbegu, majina yatafuata.

Mbegu tatu, mazingira matano

Neno "mazingira" katika majaribio haya lina maana ya mahali pamoja na msimu wake. Busia wakati wa masika ni mazingira mamoja, Busia ileile wakati wa vuli ni mengine. Namba zilizo hapa chini nimezitunga ziwe za mfano, kilo kwa ekari, ili hesabu iwe nyepesi.

| | Mbegu A | Mbegu B | Mbegu C | Wastani wa zote tatu |
|---|---|---|---|---|
| Mazingira 1 (makavu kabisa) | 500 | 260 | 440 | 400 |
| Mazingira 2 | 520 | 440 | 540 | 500 |
| Mazingira 3 | 540 | 620 | 640 | 600 |
| Mazingira 4 | 560 | 800 | 740 | 700 |
| Mazingira 5 (mvua nzuri, mbolea kamili) | 580 | 980 | 840 | 800 |
| Wastani | 540 | 620 | 640 | 600 |
| Mtawanyiko, asilimia ya wastani | 6 | 46 | 25 | |
| Mteremko | 0.2 | 1.8 | 1.0 | |
| Pengo na bingwa | 22,800 | 6,800 | 2,680 | |

A haishtuki. Iwe ukame, iwe neema, inakupa kilo zilezile mia tano na ushei. B ni ya matajiri: ukiilisha inakulipa, ukiinyima inakuadhibu. C inapanda na kushuka pamoja na shamba.

Sasa tazama mistari minne ya chini, maana ndipo ugomvi ulipo.

Mtawanyiko ni kipimo rahisi kuliko vyote: mavuno yanatofautiana kiasi gani kutoka mazingira hadi mazingira, ukilinganisha na wastani wa mbegu yenyewe. Francis na Kannenberg walikitumia mwaka 1978 kwenye mahindi, wakakiweka sambamba na wastani ili mbegu thabiti lakini dhaifu isijifiche. Hiyo sehemu ya pili ndiyo watu huisahau. Kwa mtawanyiko peke yake A ni malkia, 6 kwa 46 ya B. Lakini A inashinda kwa sababu haijui kupanda, na kutojua kupanda nako kunahesabiwa kuwa uthabiti.

Mteremko ulianza kupata umaarufu mwaka 1963, Finlay na Wilkinson walipochambua aina 277 za shayiri huko Australia Kusini. Unachukua wastani wa kila mazingira kama kipimo cha ubora wake, kisha unauliza: shamba likiboreka kwa kilo moja, mbegu hii inaongeza kilo ngapi? A inaongeza gramu 200, B kilo 1 na gramu 800, C kilo moja kamili. Mwaka 1966 Eberhart na Russell wakaongeza sharti: mbegu thabiti iwe na mteremko wa 1, isiyumbeyumbe kuzunguka mstari wake, na wastani wake uwe wa juu. Kwa sharti hilo malkia wetu A ameanguka, na C ndiyo imetawazwa. Jedwali ni lilelile.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na sidhani wengi wao wanalijua. Jumlisha miteremko ile mitatu: 0.2, 1.8 na 1.0. Gawa kwa tatu, unapata 1 kamili. Si bahati. Miteremko ya mbegu zote za jaribio moja lazima iwe na wastani wa 1, kwa sababu mazingira yanapimwa kwa mavuno ya mbegu hizohizo. Kwa hiyo ukiambiwa "mteremko wake ni 1", umeambiwa tu kwamba mbegu hiyo inafanana na wenzake iliyopandwa nao. Kama wenzake walikuwa magoigoi, nayo ni goigoi wa wastani. Uliza ilishindanishwa na nani.

Mstari wa mwisho, pengo na bingwa, ni kipimo cha Lin na Binns cha mwaka 1988. Katika kila mazingira unatafuta mbegu iliyoongoza, unapima kila nyingine iliachwa kwa kiasi gani, unapiga pengo hilo kipeo cha pili, unajumlisha, kisha unagawa kwa mara mbili ya idadi ya mazingira. Namba ndogo ni nzuri. C ina 2,680 ingawa iliongoza katika mazingira mawili tu kati ya matano; mahali pengine ilikuwa ya pili. Na safari hii A imekuwa ya mwisho, nyuma hata ya B iliyoporomoka kwenye ukame. Kipimo hiki hakina huruma na mbegu inayokunyima mavuno wakati mvua imekuja.

Kwa mkulima mimi ningechagua hiki cha mwisho, kisha niweke kando yake namba moja isiyohitaji hesabu yoyote: mavuno ya msimu mbaya kuliko yote. Tuseme gharama zako zote, mbegu, mbolea, vibarua na kupura, ni sawa na bei ya kilo 400 za soya. A haijawahi kukutia hasara. C nayo haijawahi, ingawa mwaka mbaya ilikubakishia kilo 40 tu. B ilikutia shimo la kilo 140 mara moja, halafu ikalipa deni hilo maradufu kwenye mazingira ya nne na ya tano. Kama una akiba ya kungoja mazingira ya nne, B si mbegu mbaya. Kama karo ya mtoto inategemea soya hii, ni mbaya sana.

Kuna pia ile michoro yenye nukta na mishale ambayo utaikuta kwenye ripoti za vyuo. Mmoja unaitwa AMMI, na inafaa kujua kwamba moja ya kazi zilizoutangaza, ya Zobel, Wright na Gauch mwaka 1988, ilitumia soya yenyewe: aina 7 katika mazingira 35 ya jimbo la New York. Mwingine ni GGE, ulioletwa na Weikai Yan na wenzake mwaka 2000 kwa data za ngano ya Ontario. Ni zana nzuri za mzalishaji wa mbegu anayetaka kujua ni maeneo gani yanafanana. Ukikutana nayo, soma asilimia zilizoandikwa kwenye mihimili miwili. Zikijumlika nusu tu, nusu nyingine ya habari haimo kwenye karatasi. Na kwenye AMMI, nukta iliyo karibu na kitovu ina maana kwamba mbegu hiyo haibagui mashamba. Haina maana kwamba inatoa sana.

Uthabiti wa muuza mbegu na uthabiti wako

Hili ndilo ningetaka msomaji alishike kuliko yote.

Kampuni ya mbegu inauza Migori, Kakamega, Embu na Nakuru kwa wakati mmoja. Inachotafuta ni mbegu itakayofanya vizuri mahali pengi, ili pakiti moja iuzike kote. Kwake, jaribio la vituo kumi kwa misimu miwili ni jaribio zuri. Wewe una shamba moja. Halitahama. Kitakachobadilika kwako ni mwaka: mvua ya mwaka huu, ya mwakani, ya mwaka wa tatu. Mbegu thabiti kutoka mahali hadi mahali si lazima iwe thabiti kutoka mwaka hadi mwaka, na data nyingi tulizonazo ni za namna ya kwanza.

Ona utaratibu wetu ulivyo. Kabla ya aina mpya kuidhinishwa Kenya, KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea na mbegu, huiweka kwenye majaribio ya kitaifa katika vituo kadhaa kwa misimu michache, ikishindanishwa na aina zilizokwisha kuidhinishwa. Ikifaulu, inaingia kwenye orodha ya taifa ya aina za mimea, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma: jina, mwaka wa kuidhinishwa, mmiliki, mwinuko unaoifaa, muda wa kukomaa, kiwango cha mavuno na sifa za pekee. Ni orodha nzuri, na safu ya mwinuko pekee inatosha kumwokoa mtu na ununuzi wa kijinga. Safu ya uthabiti haina.

Na misimu michache inaweza kudanganya. Kumbuka tulikotoka: kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, mashariki na kaskazini mwa Kenya mvua ilikuwa haba misimu mitano mfululizo. Vuli ya 2023 ikaja El Niño. Masika ya 2024 mafuriko yakafagia nyumba Mathare. Mbegu iliyopimwa katika ile misimu ya ukame peke yake ingesifiwa kwa kuvumilia kiangazi. Iliyopimwa katika ile miwili ya maji mengi ingesifiwa kwa mavuno. Mbegu inaweza kuwa moja, sifa zikawa mbili.

Rudi sasa kwenye jedwali, ulisome kama mwenye shamba moja. Tuseme shamba lako liko upande mkavu wa Machakos, na kati ya misimu mitano mitatu ni ya aina ya kwanza, mmoja wa pili, mmoja wa tatu. Ya nne na ya tano huzioni kabisa. Wastani wa A unakuwa kilo 512, wa C kilo 500, wa B kilo 368. A imeshinda, naam, kwa kilo 12. Hilo linanifundisha kwamba hata mahali palipotengenezewa mbegu isiyotikisika, mbegu inayofuata shamba haiachwi mbali, mradi wastani wake ni wa juu. Anayekwenda kununua A kwa hofu ya ukame anapaswa kujua hofu hiyo inampa faida ya kilo 12 na inamgharimu kiasi gani mvua ikija.

Kinachoyumbisha soya hapa kwetu

Huko kwenye latitudo za kaskazini soya hutawaliwa na urefu wa mchana. Garner na Allard waliligundua hilo mwaka 1920 wakitumia tumbaku na aina ya soya iitwayo Biloxi, ambayo hata ikipandwa kwa tarehe tofauti ilichanua karibu wakati uleule. Kwetu Nairobi, digrii moja na kitu kusini mwa Ikweta, mchana hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima. Soya iliyozoea mchana mrefu ikiletwa hapa huchanua ikiwa bado kimo cha goti au chini yake, na mavuno yanakuwa ya kuhurumiwa. Ndiyo maana mbegu uliyoletewa na ndugu kutoka Marekani, hata iwe bingwa wa Illinois, haifai hata kuingia kwenye ulinganisho huu.

Kinachobaki kutuyumbisha sisi ni mwinuko, maji, udongo na ugonjwa.

Mwinuko nautaja kwanza kwa sababu haubadiliki, kwa hiyo hauna kisingizio. Busia iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Embu 1,500, mashamba ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete yamepita 1,800, Njoro imepita 2,100. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila ukipanda mita 1,000, na kwa soya hiyo ni tofauti ya wiki kadhaa za kukomaa. Mbegu ya siku mia moja ya Busia haitakuwa ya siku mia moja Njoro. Ukipanda kwa kalenda ya kipeperushi, ukakuta mvua imeisha maganda bado mabichi, usiseme mbegu haina uthabiti.

Maji yanashirikiana na umri wa mbegu. Mbegu ya mapema hukimbia ukame wa mwisho wa msimu, lakini mvua ikiendelea inakuwa imeshamaliza kazi na unyevu unabaki bure ardhini. Ya kuchelewa hutumia msimu wote mrefu, na ukikatika ghafla inakamatwa wakati maganda yanajaa, ambao ndio wakati soya huumia zaidi. Kwa hiyo mbegu za mapema mara nyingi huangukia upande wa A, za kuchelewa upande wa B. Kuna tofauti nyingine isiyoandikwa kwenye pakiti: kuna soya ambazo zikishachanua huacha kurefuka, na kuna zinazoendelea kukua na kutoa maua mapya juu. Ya pili ikipigwa na jua la wiki mbili hupoteza maua ya chini, kisha mvua ikirudi hufidia kwa ya juu. Ya kwanza haina nafasi ya pili.

Udongo wa magharibi, Kakamega, Siaya, Busia, mara nyingi una asidi na umepungukiwa fosforasi. Pasipo fosforasi vinundu vya mizizi, vile vinavyoipatia soya naitrojeni kutoka hewani, havifanyi kazi vizuri, na soya isiyo na vinundu ni kama gari lisilo na mafuta: sura ipo, mwendo hakuna.

Halafu kutu. Ugonjwa huu wa majani, ukungu uitwao Phakopsora pachyrhizi, husafiri kwa upepo na hupenda majani yaliyolowa. Habari za majirani zetu Uganda zinatosha kumtuliza yeyote anayeabudu takwimu za uthabiti. Walikuwa na Nam 1 na Nam 2, mbegu zilizokubalika. Mwaka 1996 kutu ikaingia, na mbegu hizo zikashindwa kuihimili. Data zote za uthabiti zilizokusanywa kabla ya hapo zilikuwa za ulimwengu usio na kutu. Chuo Kikuu cha Makerere, kazi ikiongozwa na Phinehas Tukamuhabwa, kikatoa Maksoy 1N mwaka 2004, Maksoy 2N mwaka 2008 na Maksoy 3N mwaka 2010, na nyingine zikafuata, zikichaguliwa kwa uwezo wa kuvumilia kutu. Ukiwa na shamba upande wa Busia au Bungoma, ambako unyevu ni mwingi na upepo wa mpakani hauombi pasipoti, uvumilivu wa kutu ndio uthabiti wa kwanza kuuliza.

Zenye majina: Gazelle na Nyala kwa upande mmoja, SB19 kwa upande mwingine

Gazelle na Nyala wazee wengi wanazijua. SB19 ni mbegu ya kizazi kingine: kwa namba ya IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha tropiki yenye makao Ibadan, ni TGx 1740-2F, na Malawi iliidhinishwa mwaka 2011 kwa jina Tikolore. Aina moja kukubalika hapa kwenye Ikweta tena Malawi, nchi yenye msimu mmoja mrefu wa mvua, ni dalili nzuri kwamba haichagui mahali sana. Dalili tu, mwaka hadi mwaka shambani kwako ni kesi nyingine.

Tofauti iliyo kubwa kati ya makundi haya mawili iko chini ya udongo. Soya hujipatia naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Gazelle na Nyala zinataka bakteria wao maalumu, ambao udongo usiowahi kulimwa soya kwa kawaida hauna. Bila kuchanja mbegu, yaani kuipaka bakteria hao kabla ya kupanda, zinageuka njano. Zile za TGx zilitokana na kazi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kule Ibadan, Nigeria, ya kutafuta soya inayokubali bakteria wa kienyeji walewale wanaoishi na kunde. Hazibagui.

Kwenye ripoti ya majaribio tofauti hii haionekani vizuri, kwa sababu kituoni kila mbegu imechanjwa na fundi aliyesomea. Shambani kwako chanjo ni mnyororo. Biofix, inayotengenezwa Nakuru kutokana na utafiti wa Kabete, ni bakteria hai kwenye kipakiti. Ukiinunua mjini ukaipeleka kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus, dereva akaiweka juu ya dashibodi jua likiipiga hadi Webuye, kinachofika ni unga mweusi wenye wafu ndani. Hata ikifika salama, lazima mbegu ichanganywe kivulini, ipandwe siku hiyohiyo, kwenye udongo wenye unyevu. Binamu akichanja asubuhi, akaitwa kwenye msiba, akapanda kesho yake, umeshapoteza. Kila hatua ya namna hiyo ni mlango wa mavuno kuyumba, na mbegu isiyohitaji mlango huo ina uthabiti ambao hakuna mteremko utakaouonyesha. Kwa mkulima wa simu hiyo ni hoja ya uzito mkubwa upande wa SB19.

Nisieleweke kwamba SB19 haifai kuchanjwa. Katika udongo mwingi bado huongeza mavuno ikichanjwa. Tofauti ni kwamba chanjo ikifa, SB19 inabaki na kitu.

Kuhakikisha ni rahisi. Soya ikianza kuchanua, mwambie aliye shambani ang'oe mashina matano kwa jembe, asiyavute kwa mkono maana vinundu vitabaki ardhini. Achane kinundu kwa ukucha na akupigie picha ya ndani kwa WhatsApp. Rangi ya waridi au wekundu wa damu, kazi inaendelea. Kijani au kijivu, vinundu hivyo ni mapambo.

Upande wa Gazelle na Nyala kuna la kusema. Nyala hukomaa mapema, na kwa anayesimamia mwenyewe, anayechanja kwa nidhamu na ana fosforasi, pengo na SB19 linapungua. Mtu wa Kiambu aliye na shamba la kufikiwa kwa matatu, anayelala Nairobi na kushinda shambani Jumamosi, hana haja ya kuikimbia mbegu anayoijua tabia.

Jambo moja linaharibu ulinganisho wote huu: kutokujua ulichopanda. Soya ya kula inauzwa Nyamakima kwa magunia, bei nafuu kuliko mbegu, na watu huipanda. Chota kiganja kimoja uitazame kwenye mwanga. Kila punje ya soya ina kovu dogo pale iliposhikana na ganda. Kwenye aina moja safi rangi ya kovu ni moja. Ukiona mengine meusi, mengine ya kahawia, mengine karibu meupe, umeshika mchanganyiko wa aina tatu au zaidi, na mavuno yake hayana jina. Zaidi ya hayo soya ina mafuta mengi, karibu asilimia 20, na hupoteza uhai wa kuota haraka kuliko mahindi au maharage ikihifadhiwa kwenye joto. Punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, wiki moja, uhesabu zilizoota. Chini ya 80, tafuta nyingine. Mengi yanayoitwa "mbegu hii haina uthabiti" ni mbegu ya mwaka juzi.

Basi uchukue ipi

Shamba la magharibi lenye unyevu, wewe uko Nairobi, binamu ndiye msimamizi: SB19, au aina nyingine ya TGx au Maksoy iliyoidhinishwa kwa mwinuko huo, yenye rekodi ya kuvumilia kutu. Weka fosforasi kabla ya kufikiria aina ya pili. Chanjo iwe nyongeza, isiwe nguzo.

Shamba kavu, Machakos ya chini au Makueni: ya mapema kuliko zote utakayoipata kwenye orodha ya KEPHIS kwa mwinuko wako. Na hapa nitasema waziwazi, kama msimu unakupa mvua ya siku hamsini tu, soya yoyote ni kamari. Pojo na kunde zinavumilia mahali pale kuliko mbegu zote tulizotaja.

Shamba la maji ya kumwagilia, Mwea kwa mfano, au wewe mwenyewe una mtaji na mtaalamu wa kulipwa: ndipo tabia ya B inapolipa. Umeshaondoa mazingira ya kwanza na ya pili kwa pesa zako, hakuna sababu ya kununua ulinzi dhidi yao. Tafuta mbegu yenye kilele cha juu, na uulize ilipata kilele hicho kwa mbolea gani.

Mwenye mashamba mawili, tuseme moja Kakamega na moja karibu na Kajiado, mara nyingi huuliza mbegu moja ya kufaa yote mawili, kwa sababu ya urahisi wa kununua. Simshauri. Mbegu mbili tofauti katika sehemu mbili tofauti zinampa uthabiti ambao hakuna mzalishaji aliyeuweka ndani ya punje moja, kwa kuwa ni nadra sehemu zote mbili kuharibika msimu mmoja kwa sababu ileile. Kwa shamba moja, tenga robo ekari ya mbegu ya pili kila msimu, upande uleule wa shamba, tarehe ileile ya kupanda, mbolea ileile, na uipime kando kwa mizani badala ya debe. Andika na mvua pia: chupa iliyokatwa yenye alama za milimita inatosha. Baada ya misimu minne utakuwa na kitu ambacho kituo chochote cha majaribio hakina, yaani data za mwaka hadi mwaka za shamba lako.

Data za wengine zinasaidia kufika hapo. Tangu 2015 Soybean Innovation Lab ya Chuo Kikuu cha Illinois, pamoja na washirika wake, imekuwa ikiendesha majaribio ya aina za soya katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, yakilinganisha mbegu za taasisi za umma na za kampuni kwenye vipande vilivyo bega kwa bega. Fedha za USAID zilipokatwa mwaka 2025 kazi hiyo ilitikisika, lakini matokeo yaliyokwisha kukusanywa yapo. Ukiyapata, ruka wastani wa bara zima. Tafuta kituo chenye mwinuko na mvua kama ya kwenu, soma kila msimu peke yake, na duru kwa kalamu namba ya chini kabisa ya kila mbegu kabla hujatazama ya juu.